Kutoka Garissa hadi Takwa: Siku Moja Baharini kwa Hesabu ya Mwezi

Kabla hujauliza nauli ya basi wala bei ya mashua, tazama leo ni tarehe ngapi ya mwezi mwandamo. Watu wengi wa Garissa wanaokwenda Lamu hupanga safari kwa likizo ya shule au kwa siku ambayo gari la jamaa lina nafasi. Wakifika, wanaambiwa na nahodha kwamba kisiwa walichokitaka hakifikiki leo, au kinafikika saa kumi jioni ilhali magharibi inabisha hodi. Nahodha hana kosa: bahari ya Lamu hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na mahali ninapokushauri uende hapaingiliki bila maji kujaa.

Mahali penyewe ni Takwa, mji wa kale ulio katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya pili ukitokea Lamu. Ni eneo linalolindwa na Makavazi ya Taifa ya Kenya, lenye kuta za mawe, msikiti, makaburi na mibuyu, na njia yake ni mkono wa bahari unaopenya katikati ya mikoko. Kwa familia, walimu au kikundi cha vijana kinachotoka bara kwa mara ya kwanza, sijaona safari ya mashua ya siku moja inayoishinda katika pwani ya kaskazini. Haikupeleki bahari kuu, haimalizi mfuko, na inakuonyesha kitu ambacho hakipo Garissa wala Nairobi.

Basi turudi kwenye mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuanzia tarehe 1 na tena kuanzia tarehe 15, ndipo panapokuwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo hapa pwani maji hujaa kabisa kwenye saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata wakati huo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Ukifika tarehe 8 au 22, maji hujaa katikati ya asubuhi, ila hayapandi sana wala hayashuki sana; wenyewe huyaita maji mafu.

Siku nzuri za Takwa, kwa hesabu hiyo, ni tarehe 9 hadi 12, na tena 23 hadi 26. Siku hizo maji hujaa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Unaingia na maji yanayopanda, unatembea magofuni bila haraka, unatoka kabla mkondo haujakauka. Ukienda siku ya bamvua, asubuhi utakuta matope, na jioni utakuwa na saa moja tu ya kutazama kabla giza halijaingia. Kwa vile watu wetu hufuatilia mwezi kwa ajili ya saumu na idi, hesabu hii unayo tayari nyumbani. Jihadhari na jambo moja tu: mkitofautiana siku moja juu ya kuandama kwa mwezi, hesabu yako ya maji itakosea kwa karibu saa nzima. Kwa hiyo ukishachagua tarehe, mpigie simu nahodha umuulize swali hili, na uliulize hivi hivi: "Siku hiyo maji ya Takwa yanajaa saa ngapi?" Nahodha wa kweli atakujibu papo hapo. Anayekuambia "wakati wowote tutaenda" mwache, utafute mwingine.

Juu ya mwezi kuna pepo. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, maji huwa safi na bahari imetulia zaidi, hivyo likizo ya Desemba ni wakati mzuri. Kusi huanza na masika na kuendelea hadi karibu Septemba. Bahari ya nje huchafuka na mawimbi huwa makubwa. Likizo ya Agosti basi huangukia kusi. Hilo lisikuvunje moyo, kwa kuwa njia ya Takwa imo ndani, imekingwa na visiwa. Utakachokikosa Agosti ni kuogelea upande wa bahari kuu na kwenda kutazama matumbawe. Aprili na Mei sikushauri, kwa sababu ya barabara zaidi kuliko bahari.

Barabara

Usijidanganye kwamba utakwenda Lamu, upande mashua na kurudi Garissa siku hiyo hiyo. Siku ya mashua ni moja, lakini safari ni siku tatu: ya kushuka, ya bahari, ya kurudi. Unavuka daraja la Garissa hadi Madogo, unateremka na Tana upande wa magharibi kupitia Bura na Hola hadi Minjila karibu na Garsen, kisha unaelekea mashariki kupitia Gamba, Witu na Hindi hadi Mokowe. Hapo ndipo barabara inapokwisha na bahari inapoanza.

Kwenye ramani utaona njia nyingine, fupi kwa macho, inayokwenda Masalani, Ijara na Bodhai hadi Hindi, katika mradi wa barabara za bandari ya Lamu, LAPSSET. Nakuomba usiichukue kwa safari ya matembezi. Inapita pembezoni mwa msitu wa Boni, ambako tangu 2015 vikosi vya usalama vimekuwa katika operesheni dhidi ya al-Shabaab, na mafundi wa barabara wenyewe wameshambuliwa. Hata ile ya Garsen kwenda Mokowe imeshuhudia mashambulizi, na kwa miaka mingi magari yamekuwa yakisindikizwa na polisi na kuzuiwa kusafiri usiku. Panda basi la kampuni inayoijua njia hiyo, ondoka alfajiri, na siku moja kabla uulize stendi hali ikoje. Wakikuambia ahirisha, ahirisha. Tarehe nzuri za mwezi zitarudi baada ya wiki mbili.

Beba kitambulisho cha taifa, na kwa watoto beba vyeti vya kuzaliwa, si nakala iliyo katika simu. Wasomaji wa kaskazini mashariki hamhitaji kuelezwa vizuizi vya barabarani na jinsi jina au sura inavyoweza kuongeza maswali. Haipendezi, na si haki mwananchi kuulizwa mara tatu anakotoka ndani ya nchi yake. Hata hivyo, mtu mmoja asiye na kitambulisho anaweza kulichelewesha basi zima, na basi likichelewa Mokowe utavuka usiku. Hakikisha kila mtu wa kikundi anacho chake mkononi kabla hamjaondoka.

Gari binafsi huachwa Mokowe. Vyombo vya kuvukia hadi mji wa Lamu vipo mchana kutwa na mwendo wake hauzidi nusu saa. Lala mjini Lamu au katika kijiji jirani cha Shela usiku huo. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na jioni yako ya kwanza itatosha kuzunguka vichochoro vyake kwa miguu, ukiwapisha punda.

Kukodi mashua

Jioni hiyo hiyo nenda gatini ukaione mashua kwa macho yako. Usikubali kulipa kwa picha ya simu. Mashua ya tanga yenye injini ndogo ya akiba ndiyo inayofaa: tanga kwa raha, injini kwa maji yasiyosubiri. Kwa injini, kutoka Lamu au Shela hadi Takwa ni kama nusu saa au zaidi kidogo. Kwa tanga tupu hutegemea upepo, na ukikosa upepo unaweza kukosa maji pia.

Patana bei ya chombo kizima, si ya kichwa. Uliza bei hiyo ina nini ndani: mafuta, chakula, maji ya kunywa, kiingilio cha Takwa. Mara nyingi kiingilio ni juu yako, na mwananchi mwenye kitambulisho hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Lipa sehemu ya kununulia samaki na mafuta, iliyobaki ulipe mkirudi. Usimkabe nahodha hadi tone la mwisho. Akibanwa kupita kiasi atajaza watu wengine katika chombo ulichodhani umekikodi peke yako.

Sasa jaketi za kuokolea maisha, na hapa nakusihi usione haya kuwa mkali. Hesabu vichwa, hesabu jaketi, na uangalie kama zipo za watoto, maana jaketi ya mtu mzima humponyoka mtoto akitumbukia. Kama idadi haitoshi, hamwondoki. Tarehe 28 Aprili 2024, mafuriko ya Tana yalipokuwa yamekata barabara kati ya Madogo na Garissa, mashua iliyosheheni abiria ilipinduka pale Kona Punda. Watu 23 waliokolewa. Wengine walikufa, umbali mfupi tu kutoka mjini kwetu. Wengi wetu kutoka bara hatujui kuogelea, na hakuna aibu katika hilo. Jaketi ivaliwe na kufungwa tangu gatini, si kuwekwa chini ya kiti ingoje hatari.

Kina mama na mabinti: buibui zito likilowa huwa na uzito wa kukuvuta chini. Vaa kitambaa chepesi kinachokauka upesi, suruali ndani, mtandio uliobanwa vizuri usipeperuke, na jaketi juu ya vyote. Stara haitapungua. Viatu viwe vya kufunga mguuni, kwa kuwa kushuka kwenye mashua mara nyingi ni kukanyaga maji ya magotini, na matumbawe hukata kama wembe.

Maji ya kunywa yabebe kwenye chupa ngumu za kutumiwa tena au dumu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, chupa za maji zikiwemo, haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi na fukwe. Sheria hii ina maana kubwa Lamu kuliko kwingine. Pepo na mikondo huleta taka kutoka mbali na kuzimwaga katika fukwe hizi, hata mafundi wa Lamu wakaunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, Flipflopi, lililozinduliwa 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka uliofuata. Ukiliona, utaelewa kwa nini mabaharia hukasirika mtu anapotupa ganda la biskuti majini.

Kwa tumbo, kula kidogo asubuhi: tende, chapati, chai ya tangawizi. Maziwa ya ngamia yaache nyumbani siku hiyo. Anayeogopa kichefuchefu akae katikati ya chombo, atazame mbali, asitazame simu. Simu ifungwe katika mfuko usioingiza maji. Kofia usiisahau, jua la majini hupiga kutoka juu na kutoka chini.

Ndani ya Takwa

Ondokeni muda wa saa mbili na nusu kabla ya maji kujaa kabisa. Mtavuka mlango wa bahari, kisha mikoko itaanza kusogea pande zote mbili na maji yatatulia. Hapo ndipo injini hupunguzwa. Mwombe nahodha aizime kidogo ikiwa muda unaruhusu. Watoto wasivute matawi wala kung'oa chaza waliong'ang'ania mizizi. Samaki wengi wanaouzwa sokoni Lamu walikulia katika mizizi kama hiyo.

Takwa ilistawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha ikahamwa. Wenyeji wake walivuka kwenda Lamu, na watu wa Shela hadi leo hujihesabu kuwa wazao wao. Sababu zinazotajwa ni ugomvi na mji wa Pate na visima kugeuka chumvi. Manda haina maji matamu ya kutegemewa, na hili mtu wa Garissa hahitaji kufafanuliwa: mji ukikosa maji, ukuta hauuokoi. Na ukuta walikuwa nao, umeuzunguka mji mzima, na mabaki yake utayaona. James Kirkman alichimba hapa mwaka 1951, na Thomas Wilson akaendeleza kazi katika miaka ya 1970. Magofu unayotembea leo yalifunuliwa kwa mikono yao na ya vibarua wa visiwani.

Anzeni na Msikiti wa Ijumaa. Juu ya ukuta wake wa kibla kuna nguzo iliyosimama juu ya mihrabu, kitu kisicho cha kawaida katika misikiti ya pwani. Tazameni kazi ya mawe ya matumbawe kwenye mihrabu, na jinsi nyumba nyingi zilivyoelekezwa kaskazini, upande wa kibla. Kisha tokeni nje ya ukuta mkalione kaburi la nguzo. Maandishi yake yana mwaka 1094 wa Hijria, ambao ni kama 1683. Watu wa Shela huja kwenye kaburi hilo mara mbili kwa mwaka kuomba mvua. Sitaki upite hapo kama anayepita kwenye jiwe. Wewe unatoka katika nchi ya roobdoon, unajua watu wanaokusanyika kumwomba Mola mvua wanabeba nini mioyoni. Mkikuta wenyeji wapo kwenye dua, simameni mbali, na picha zisubiri. Mkikuta hakuna mtu, msipande juu ya kaburi wala kuliegemea.

Mwongozaji wa makavazi mlipe na mumsikilize. Vigae vya vyungu na mabaki ya bakuli za Kichina utavikuta vimelala ardhini. Viache vilivyo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kuviondoa, na zaidi ya sheria, kigae kilichoko mahali pake humweleza mtaalamu nani aliishi hapo na alifanya biashara na nani. Kikiwa juu ya kabati lako Garissa hakielezi chochote.

Ukipita magofu kuna njia ya mchanga inayokwenda upande wa bahari kuu. Ufuo wake ni mpana na mtupu. Wakati wa kusi usiogelee hapo hata ukiwa hodari; miguu majini inatosha. Mwambieni nahodha ni saa ngapi mnapaswa kuwa mmerudi chomboni, na mmoja wenu awe mwenye saa. Wanaobakia ufuoni dakika 20 zaidi ndio wanaowafanya wenzao wakwame kwenye matope hadi usiku.

Samaki huokwa na mabaharia wenyewe, mara nyingi kwenye jiko la mkaa ndani ya mashua au mahali wanapopajua ufuoni, na huliwa na wali wa nazi. Waambie mapema kama kuna asiyekula samaki, maana baadhi ya wazee wetu hawamgusi kabisa. Adhuhuri mnaweza kuisali nchi kavu kabla ya kuondoka. Mkirudi mkiwa bado na muda, na bahari ikiwa tulivu, nahodha anaweza kuwapitisha penye matumbawe. Aliye na miwani ya kuzamia aelee juu juu, asisimame juu ya matumbawe: ni viumbe hai, na kipande kinachovunjwa kwa hatua moja huchukua miaka mingi kukua tena. Kasa akitokea, mtazameni. Kumshika au kumfukuza kwa chombo ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013.

Usipige picha za kambi ya kijeshi ya Manda Bay, wala za meli na walinzi wa bandari mpya ya Lamu pale Kililana. Mtoto akielekeza simu huko, iteremshe mara moja.

Kwa watakaorudi mara ya pili

Kuna wasomaji watakaosema Takwa ni magofu, wao wanataka visiwa vya hifadhi ya bahari yenyewe. Hivyo viko Kiunga. Hifadhi ya bahari ya Kiunga ilitangazwa mwaka 1979, na mwaka uliofuata UNESCO ikaitambua kuwa hifadhi ya viumbe hai. Ni msururu wa visiwa vidogo vya mawe ya matumbawe vipatavyo hamsini, sambamba na pwani hadi karibu na mpaka wa Somalia. Kasa hutaga huko, na nguva wachache waliosalia Kenya wana malisho ya nyasi za baharini. Hifadhi hiyo inapakana na hifadhi ya Dodori, nayo Dodori ni jirani ya hifadhi ya Boni, ambayo imo ndani ya kaunti yetu ya Garissa. Mtu wa Ijara anayejua jinsi swara aina ya hirola anavyotunzwa Ishaqbini ataikuta kazi ile ile Kiunga, ikifanywa majini.

Kiwayu ndicho kisiwa cha upande huo kinachofikika kwa siku moja, na ni kwa boti ya kasi tu, si kwa tanga. Mtatoka Lamu alfajiri, mpite mlango wa Mkanda, ambao ni mwembamba na maji yakipwa hupungua sana, kisha mpite nyuma ya visiwa vya Pate na Ndau. Wakati wa kusi msijaribu. Upande wa usalama, mwaka 2011 wageni walishambuliwa katika hoteli moja ya ufuo unaotazamana na kisiwa hicho, mmoja akauawa na mkewe akatekwa, na bara la upande huo bado liko chini ya ulinzi mkali. Wakenya huenda na kurudi salama, lakini hakuna anayepaswa kwenda bila kuuliza kwanza ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori mjini Lamu na kituo cha polisi, na kuacha majina ya abiria wote kwa mtu aliyebaki nchi kavu.

Ukipewa ruhusa, muulize nahodha mambo matatu kabla hujatoa shilingi: Mkanda utapitika saa ngapi kwenda na saa ngapi kurudi, amebeba mafuta ya kwenda na kurudi au anategemea kununua njiani, na ana redio au anategemea simu, kwa sababu ukishapita Ndau mtandao hauaminiki. Akijibu yote matatu bila kusita, mwambie akutayarishie chombo.